Tunagawana Karafuu, Hatugawani Kupalilia

Maneno haya niliyasema sikukuu tatu ya Idi el Fitri, baada ya sala ya Alasiri, uwanjani mbele ya chuo cha Kurani cha kiambo chetu, wilaya ya Mkoani, Pemba. Waliokuwa wameshasafiri wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, masheikh, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokuja kutoka Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na hao wawili watatu mliofika kutoka Maskati: Idi mubarak. Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu, na awarehemu wote tuliokuwa nao mwaka jana hapa hapa na leo hawapo.

Najua kesho wengi wenu mnateremka bandarini Mkoani kuwahi meli. Mabegi yameshafungwa, na mikungu ya ndizi na mafurushi ya muhogo yako milangoni, nimeyaona nikipita. Lakini nina neno nimelibeba siku nyingi, na ni mara moja kwa mwaka tu tunapopata kukaa sote tukatazamana nyuso. Nikilinyamazia leo nitalibeba mwaka mwengine, na umri wangu si wa kuahirisha.

Kwanza geukeni mtazame kilima. Geukeni tu, nitangoja.

Mgeni akisimama hapa husema Pemba ni kijani kweli. Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, wala hawakukosea. Mvua zetu ni nyingi, ardhi yetu ni ya vilima na mabonde, na kila bonde lina kijito chake. Mgeni anapiga picha, anashukuru, anaondoka. Lakini sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba kijani si kimoja. Upande wa kushoto, kule kwenye weusi wa majani yaliyoshikana, ile ni mikarafuu. Upande wa kulia, kule penye kijani chepesi, ni kichaka. Ni magugu na mitambaazi iliyopanda juu ya mikarafuu iliyokufa. Mkitazama vizuri mtaona matawi makavu yametokeza juu ya kichaka, meupe kama mifupa. Nilipokuwa msichana kilima chote kilikuwa kama upande wa kushoto, na maua yakikaribia kufunguka harufu yake iliingia mpaka darasani.

Nawaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba kilima hiki hakikuumbwa na mikarafuu. Mkarafuu ni mgeni. Uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea zama za Sayyid Said. Waliochimba mashimo na kuichuma ile ya mwanzo wengi wao walikuwa watumwa, watu waliotolewa kwao bara kwa nguvu, na utumwa haukufutwa kisheria katika visiwa hivi mpaka mwaka 1897. Nalisema wazi kwa sababu wajukuu zao wamo hapa tulipokaa, na ni wenzetu wa damu. Kisha mwaka 1872 ikapiga tufani kubwa Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yao. Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar imekuwa ikitoka huku kwetu, na kuna wakati dunia nzima ilingojea vilima kama hiki. Leo Indonesia imetupita mbali sana.

Mkarafuu ukitunzwa unaweza kuishi miaka 100 na kuzidi. Kwa hiyo miti mingi mnayoiona pale hakuipanda baba yenu wala babu yenu. Aliipanda mtu ambaye hamjui hata sura yake, na nyinyi mmekula jasho lake, mkasomeshwa kwa jasho lake, mkaozwa kwa jasho lake. Nami nimo.

Niruhusuni nikumbushe kidogo, kwa ajili ya watoto waliozaliwa mijini.

Msimu ukifika, skuli zilikuwa zikifungwa ili watoto wende karafuuni. Wanaume na vijana walipanda juu na kamba zao, wakivuta matawi kwa ngoe, mapakacha yakiteremshwa yamejaa. Sisi watoto tuliokota zilizoanguka chini. Jioni ndiyo ilikuwa yetu, wanawake na watoto, maana usiku ni wa kuchambua. Unashika kichala mkono wa kulia, unakisugua na kukipindua juu ya kiganja cha kushoto, karafuu zinamwagika upande huu na konyo, yaani kile kijiti cha kichala, unalitupa upande ule. Konyo nalo halipotei. Linakaushwa, linapelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Ukichambua saa tatu, ncha za vidole zinakufa ganzi, na kiganja kinakuwa cheusi kwa weusi usiotoka kwa sabuni. Utatoka wenyewe msimu ukisha. Kila unachokila kina ladha ya karafuu, hata uji. Taa ya kandili iko katikati, bibi anasema paukwa, sisi tunaitika pakawa, na vidole havisimami. Hadithi zote ninazozijua nilizisikia nikichambua.

Asubuhi majamvi yanatandazwa. Siku nne, siku tano za jua kali, mpaka karafuu ikivunjwa ilie. Na mtoto mmoja kazi yake ni kutazama mbingu. Akipiga kelele "mvua!", hata aliye chooni anatoka mbio, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa inashuka daraja, na daraja ndiyo ada ya skuli.

Mnakumbuka na bondeni? Mpunga ukianza kutoa masuke, tulipandishwa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, alfajiri na teo la kurushia mawe mkononi na mkebe wa kugonga, tuamie ndege wasile mpunga mpaka jua lizame. Peke yako juu ya dungu, bonde lote liko chini yako, ukungu unainuka, ninga wanalia upande wa msituni. Nimesafiri kidogo maishani mwangu, nimeona mahali pazuri, lakini uzuri ninaoujua mimi mpaka leo ni ule wa bonde saa kumi na mbili u nusu asubuhi, mpunga umelowa umande.

Basi. Hayo ndiyo mliyokuja kuyatafuta mlipopanda meli. Sasa nije kwenye neno langu.

Babu yangu mzaa baba alipofariki aliacha mikarafuu 74. Idadi naijua kwa sababu baba aliiandika katika daftari la skuli, mti kwa mti, na daftari ninalo. Aliacha watoto 9. Leo warithi wa shamba lile, ukihesabu wajukuu na vitukuu ambao wazee wao wametangulia, tumefika 53. Na mikarafuu iliyosimama ni 21. Minne kati ya hiyo ina matundu, ukiigonga inalia kama ngoma.

Kila mmoja wenu anaweza kuifanya hesabu hii kwa shamba la kwao, na nadhani hatutapishana sana. Sisi watu wa Pemba tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 406,000 na kitu, ya 2022 ikatukuta zaidi ya 543,000. Kisiwa hakikuongezeka hata shubiri moja. Lakini mimi sioni kwamba wingi wetu ndio uliouangusha mkarafuu. Watu wengi ni mikono mingi. Kilichouangusha ni namna tunavyokuja shambani.

Tunakuja vipi? Mwaka mzima shamba halina mtu. Magugu yanafika kifuani. Mtambaazi unapanda mti mpaka kileleni unaunyima jua. Mchwa anajenga shinani. Msimu ukisikika, simu zinaanza kupigwa: zimezaa? zimezaa vipi? Wanatoka Unguja, wanatoka Dar es Salaam, wanatoka mjini Chake, na aliye mbali anamtuma mwanawe. Tunatafuta wachumaji, tunawalipa kwa kila pishi wanayoipima, tunakausha, tunauza, tunatoa gharama, tunagawana mafungu 53. Mwengine fungu lake halitoshi nauli aliyojia. Lakini lazima aje, kwa sababu asipokuja atasema amedhulumiwa. Kisha tunaondoka sote, na shamba linabaki na magugu yake.

Tunagawana karafuu, hatugawani kupalilia.

Msimu uliopita mtoto wa ndugu yangu alianguka. Mnamjua, amekaa pale nyuma na mkongojo wake. Hakuwa mzembe, kamba yake ilikuwa nzima. Alikanyaga tawi lililokuwa kavu ndani na bichi nje. Mti mzee mrefu usiopogolewa, ambao hakuna aliyeukagua kwa sababu hakuna mwenye nao. Watu 53 wana fungu katika mti ule, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tawi limeoza.

Nitawasimulia jambo jengine ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Ndugu zangu wa damu nimewaomba ruhusa, wamenipa.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, aliachika akarudi kwao, hapa. Hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na binti mmoja. Alilima muhogo, alilima majimbi bondeni, na ndiye mtu pekee aliyekuwa akikaa karibu na shamba la babu. Masika moja alichukua miche kitaluni akaipanda kwenye mapengo ya mikarafuu iliyokufa, miche 12. Aliipanda na migomba kando yake, kwa sababu mche wa mkarafuu miaka ya mwanzo haustahamili jua la moja kwa moja, unataka kivuli. Kaskazi ikiwaka, Januari na Februari, alibeba ndoo kichwani kutoka chemchemi ya bondeni, akipanda nayo kilima, safari nne kila jioni. Mimi nilikuwa nimeanza kusomesha. Nikirudi skuli nilikuwa nikimpita njiani, nguo imemlowa bega moja, tunaamkiana, napita. Sikuwahi kumpokea ndoo. Mchwa ulipotafuna mche mmoja alipanda mwengine mahali pake. Akapalilia miaka saba.

Mwaka wa saba miti ikazaa. Si sana, kama mti mchanga unavyozaa. Na sisi ndugu tukaja. Tukasema: ardhi ni ya babu, basi na miti ni ya babu. Tukaitia karafuu yake katika hesabu moja na ya miti mikongwe. Yeye akapata fungu la mtoto wa kike kama mafungu ya dada zake, ambao mmoja hakuwa ameliona shamba lile miaka kumi. Mimi nilipokea langu, nikanunua doti ya kanga. Rangi yake naikumbuka.

Shangazi hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata hakupeleka jembe kule. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, mimi nimezeeka. Wenye mafungu mengi ndio wapalilie." Miti yake 12, leo imebaki 5. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mashekhe wangu mko hapa, mtanirekebisha nikiteleza. Siipingi mirathi. Mafungu ya mirathi yametajwa katika Suratun Nisaa, na mtu mwenye imani hana la kuongeza wala la kupunguza. Lakini mirathi ni ya alichokiacha marehemu. Miti ile 12 babu hakuiacha. Babu alipokufa haikuwepo hata mbegu yake. Aliipanda mtu aliye hai, kwa ndoo zake, na sisi tukaigawa kama kwamba yeye naye ameshakufa. Mnajua ile Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala katika mti ule ndege au mtu au mnyama, yule aliyepanda huandikiwa sadaka. Sisi tulikula. Sadaka yake anayo. Sisi tuna nini?

Na jambo linalonitia uchungu zaidi ni kwamba mila yetu wenyewe inaijua haki hii. Pemba tangu zamani tunatenganisha mti na ardhi. Mtu ana mnazi wake katika kiwanja cha mwenzake na hakuna anayeshangaa. Akiuza kiwanja hauzi mnazi. Wazee walikuwa na mapatano ya nusu kwa nusu: mimi nina ardhi, wewe una nguvu, unasafisha, unapanda, unatunza, na miti ikizaa tunaigawa, nusu yangu na nusu yako. Hayakuandikwa kokote, yalikuwa ya midomo na mashahidi, na viambo vizima vilipata mikarafuu yao kwa njia hiyo. Sijui tulisahau lini, lakini sidhani tulisahau kwa bahati mbaya. Kusahau kulikuwa na faida kwa tulio mbali.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja eka tatu, Serikali ikachukua mashamba makubwa ikawagawia watu eka tatu tatu. Baba yangu mdogo alipata zake upande wa barabarani. Naye ameshafariki, na eka zile tatu nazo sasa zina warithi wake, zimeingia katika ugonjwa ule ule. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni ya mashamba ya kizamani tu.

Mtaniuliza, mwalimu, karafuu ikiisha si tutalima mengine? Mwani upo, mama zetu wanalima mwani. Upo, na nawaheshimu sana wanaosimama majini siku nzima, lakini wenyewe watawaambia jinsi bahari ilivyopata joto na mwani mnene unavyokufa. Mpunga upo? Tusimame hapo kidogo, maana hapa ndipo kilima na bonde vinapokutana.

Mkarafuu ukifa kilimani, hasara yake inateremka bondeni. Udongo wetu huu mwekundu ulikuwa umeshikwa na mizizi, na majani yaliyoanguka yalikuwa yakiinyonya mvua taratibu. Sasa masika ikipiga, maji yanashuka na udongo. Nendeni mkautazame mfereji wa bonde letu. Nilipokuwa nikiamia ndege tulikuwa tukiuruka kwa kukimbilia, leo mtoto wa miaka minne anauvuka kwa hatua. Umejaa mchanga. Vipande vya juu vya mpunga vimefukiwa, na chemchemi ile ya ndoo za shangazi, mwishoni mwa kaskazi inabaki tope. Upande wa chini, wa hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, tumeukata mkoko kwa kuni na kwa majengo, na maji ya bamvua yanaingia kila mwaka mbali zaidi. Wenzetu wa Kisiwa Panza wanaijua habari hii kuliko sisi, mabonde yao ya mpunga yameingiliwa na chumvi. Bonde letu linabanwa juu kwa udongo na chini kwa bahari. Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba kilima kikifa atahamia bondeni.

Baadhi yenu nimewaona mmeinamisha vichwa. Sikuja kuwavunja moyo siku ya Idi. Kuna jambo tumewahi kulifanya sisi wenyewe watu wa Pemba, nataka mlikumbuke.

Popo wetu, yule mkubwa mwenye manyoya mekundu, hayuko popote duniani ila hapa Pemba. Zamani tulimwinda, kwa nyavu na kwa bunduki, mpaka miaka ya 1990 inaingia akawa amebaki elfu chache tu na watu wa elimu wakaandika kwamba anakaribia kutoweka. Vikaundwa vikundi vijijini. Kidike, ambako popo wanalala mchana juu ya miti mikubwa, wanakijiji wenyewe waliamua kwamba hapa hapawindwi tena. Hawakuwekewa askari chini ya kila mti. Walikubaliana, wakaoneana haya. Na popo wakarudi, katika muda wa kama miaka 15 wakahesabiwa karibu 20,000. Usiku huu huu mtawasikia wakigombania maembe juu ya mwembe wa msikiti, na mbegu wanazozitema ndizo zinazootesha miti msituni. Popo hana mwenyewe, ni wa kila mtu, na tuliweza kumlinda. Mkarafuu una watu 53 wenye kuudai, na tunashindwa?

Hivi ndivyo sisi wa nyumba yetu tulivyofanya mwezi wa Shaabani, na ndivyo ninavyowaomba nyumba nyengine mfikirie kabla hamjapanda meli. Tulikaa, tuliokuwepo tulikaa, na walio mbali tukawapigia simu mmoja mmoja. Tumeandika karatasi mbele ya sheha na mashahidi wanne. Miti mikongwe 21 inabaki ya warithi wote, na mafungu yake ni yale yale ya sheria, hayaguswi. Ardhi haiuzwi wala haigawiwi vipande. Lakini kila pengo ambalo mti umekufa liko wazi kwa yeyote katika sisi, mwanamume au mwanamke, atakayepanda mche na kuutunza, na mti ule ni wake yeye. Akifa unarithiwa na watoto wake. Aliye mbali akitaka mti na hana mkono wa kuupalilia, atafute kijana aliyepo hapa, wapatane nusu kwa nusu kama wazee. Asiyepanda na asiyemlipa mtu kupalilia, mti mpya haumhusu, hata akija na daftari. Na mikarafuu 5 ya shangazi tumeirudisha kwa binti yake. Haikuwa rahisi. Wawili katika ndugu zetu mpaka leo hawajatia saini, na sitawataja, nawaombea.

Nyinyi mlio ng'ambo na mijini, msinielewe vibaya. Tunajua mnachokifanya. Bati za msikiti huu ni zenu, pampu ya kisima ni yenu, na mgonjwa akipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, nyinyi ndio mnaompokea. Lakini fedha mnazotuma wakati wa msimu kwa ajili ya kuchuma, zitumeni Machi na Septemba kwa ajili ya kupalilia. Mkifanya hilo tu, hata kama karatasi hamkuiandika, mtakuwa mmeshaokoa nusu ya kilima.

Na vijana. Mmoja wenu aliniambia juzi, "Mwalimu, miaka saba! Mimi nitakula nini hiyo miaka saba?" Swali la haki kabisa, na halijibiwi kwa nasaha. Hiyo miaka saba ardhi hailali. Mgomba unaoupa mche kivuli unakupa wewe mkungu. Kati ya mistari utalima muhogo na majimbi, ilimradi usisogee shinani ukakata mizizi. Kwenye mti mkubwa utapandisha pilipili manga, ambayo ikitulia inazaa kabla ya karafuu yako. Hutatajirika. Utakula, na mwaka wa saba utakuwa na kitu ambacho mwenye bodaboda hana. Bodaboda ya mwaka wa saba ni chuma chakavu, mkarafuu wa mwaka wa saba ndio kwanza unaanza. Nyinyi mna miaka ishirini. Mimi nina miaka sitini na mbili na nimepanda minne masika hii, naijua hesabu yangu vizuri, na nimepanda. Tumeamrishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande.

Wasichana nanyi nawasemesha kwa jina lenu. Mti mtakaoupanda uandikwe. Msikubali kuambiwa "tunajuana, hatuandikiani." Shangazi tulikuwa tunajuana naye.

Sheha amenionesha saa, na nimemaliza. Pale nyuma ya chuo, chini ya mwembe, iko miche 60 iliyotoka kitalu cha Serikali, tumeipata bure. Mvua ya juzi imelainisha ardhi, hatutapata siku njema kuliko hii. Anayesafiri kesho achukue wake sasa hivi, aseme na mtu wa kumtunzia, aandikishe kwa sheha, apande kabla ya Magharibi. Shimo liwe la kina cha mkono mpaka kiwiko, udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini, na mfuko uchanwe taratibu usivunje mzizi.

Sisi wa nyumba yetu tunaanzia kwenye mapengo ya ile miti saba ya shangazi iliyokufa. Binti yake ameshatangulia na jembe.